VIP Si Kiti: Jua Unalipia Nini Kabla ya Kuweka PIN

Msimu wa shoo ukifika, hasa kuanzia Novemba hadi mwaka mpya, makundi ya WhatsApp hugeuka kamati za tiketi. Mmoja anasema twende regula tusimame na watu. Mwingine anasema yeye hawezi kusimama kama mlingoti usiku kucha, twende VIP. Mchango unaanza, pesa zinatumwa kwa mtu mmoja, na mara nyingi hakuna anayeuliza swali lililo muhimu kuliko yote: hiyo VIP ina kiti?

Sisi kazi yetu ni malipo, kwa hivyo swali hili hutufikia likiwa limechelewa. Mteja ameshalipa, ameshafika, na amekuta eneo la VIP ni kamba tu, nyasi ni zile zile na hakuna pa kukaa. Sasa anataka pesa zake zirudi. Tatizo ni kwamba malipo yenyewe yalikwenda sawa: nambari ilikuwa sahihi, jina lilikuwa sahihi, na mwandaaji alipokea. Ambacho hakikuwa wazi ni kile kilichokuwa kinanunuliwa.

Msimamo wetu ni huu: acha kuchagua tiketi kwa jina lake. Chagua kwa miguu yako, kwa aina ya muziki, na kwa umbali utakaokuwa nao na jukwaa. Na kama mwandaaji hawezi kukwambia kwa sentensi moja kama anakuuzia kiti ama nafasi ya kusimama, shikilia PIN yako kwanza.

Majina ya tiketi hayaelezi kitu

Regula, VIP, VVIP. Majina haya yanakuonyesha ipi ni ghali kuliko nyingine, basi. Kwenye shoo moja, VIP ni hema, viti, na choo ambacho hupangi foleni ndefu. Kwenye nyingine, VIP ni uzio uliosogezwa karibu na spika. Kwenye nyingine tena, viti vipo lakini ni vichache kuliko watu waliouziwa tiketi, na anayefika saa tatu usiku anakuta vyote vimekaliwa ama vimewekewa jaketi za watu waliotoka kwenda kununua vinywaji.

Hebu linganisha na safari. Ukikata tiketi ya treni ya SGR kwenda Mombasa, inakuonyesha nambari ya behewa na nambari ya kiti. Hata basi la usiku linakupa kiti chako. Hakuna mtu angekubali kulipia safari halafu aambiwe, "Ingia tu, utaona mbele kwa mbele." Lakini kwenye shoo, ambako mara nyingine tunalipa pesa nyingi kuliko nauli ya Mombasa, tunakubali hivyo hivyo.

Na hii si suala la kuomba hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu kile anacholipia. Kifungu hicho kinawahusu watu binafsi na kampuni pia, si serikali peke yake. Kwa hivyo ukimwandikia mwandaaji kumuuliza, "VIP ina viti? Vina nambari?" huringi. Unauliza jambo ambalo lilifaa kuwa kwenye bango tangu siku ya kwanza.

Angalia mahali kwanza

Kabla ya kulinganisha bei, angalia shoo inafanyika wapi. Mahali penyewe patakujibu nusu ya maswali.

Kuna kumbi zenye viti vya kudumu, kama Kenya National Theatre pale Nairobi. Hapo mjadala wa kusimama ama kukaa haupo. Kila mtu anakaa, na swali linabaki ni safu gani. Kwenye ukumbi kama huo, kulipa zaidi ili ukae mbele kuna maana, kwa sababu watu hawatasimama wakufunike.

Kuna viwanja vya wazi, kama Uhuru Gardens, viwanja vya Carnivore ama Ngong Racecourse. Hapa kila kitu huletwa siku ile: jukwaa, uzio, hema, vyoo na viti. Kiti hakipo mpaka mwandaaji alipie kiletwe. Hapa ndipo jina VIP hudanganya zaidi, na hapa ndipo unafaa kuuliza maswali mengi.

Halafu kuna viwanja vya michezo, kama Kasarani na Nyayo. Vyote viwili vina njia ya kukimbilia inayozunguka uwanja wa mpira. Maana yake ni kwamba ukikaa kwenye viti vya watazamaji uko mbali na jukwaa hata kabla hujahesabu watu walio katikati. Utakaa vizuri, utapumzisha mgongo, lakini msanii utamwangalia kwenye skrini kubwa. Kwenye shoo ya namna hii, mtu aliyesimama uwanjani ndiye aliye karibu. Ndiyo maana mara nyingine sehemu ya kusimama mbele kabisa huuzwa ghali kuliko kiti. Kusimama si lazima kuwe tiketi ya waliosota, na kukaa si lazima kuwe tiketi ya wenye nacho.

Kuna pia njia ya tatu ambayo Wakenya tunaijua vizuri: kukaa chini. Muthoni Drummer Queen alipoanzisha Blankets & Wine mwaka wa 2008, wazo lilikuwa kwenye jina lenyewe: beba blanketi, tandika kwenye nyasi, sikiliza muziki. Shoo ya mchana ya namna hiyo haikuhitaji kukuuzia kiti ili ukae. Ikiwa mwandaaji anaruhusu blanketi, regula yako tayari ni tiketi ya kukaa. Lakini uliza kwanza, kwa sababu waandaaji wengi hawaruhusu kitu kuingizwa getini.

Muziki wenyewe utakuinua?

Jambo la pili ni muziki. Mpenzi wa taarabu wa Mombasa anajua adabu ya ukumbi: watu hukaa, husikiliza maneno, na anayeguswa na ubeti huinuka kwenda kumtunza mwimbaji, kisha akarudi kitini. Muziki ule unahitaji kiti. Tamasha la kwaya pia, na shoo nyingi za vichekesho.

Rhumba iko katikati. Mwanzo wa wimbo ni wa taratibu, watu wako mezani, mazungumzo yanaendelea. Kisha magitaa yanabadilika, sebene inaingia, na meza nzima inasimama. Kwenye shoo ya rhumba kiti ni kizuri kwa sababu unakitumia kwa zamu: unacheza, unarudi kupumua, unarudi tena kucheza. Ukiwa na watu wa rika la wazazi wetu, hapa lipia meza bila kujiuliza mara mbili.

Amapiano, Gengetone, Afrobeats, dancehall: hapa kuwa mkweli. Ni nani umewahi kuona amekaa DJ akiwa amewasha moto? Utalipia kiti, watu wa mbele yako watasimama, na wewe utalazimika kusimama ili uone. Dakika ishirini baadaye, kile kiti ulicholipia kimekuwa mahali pa kuweka jaketi. Kwa muziki wa namna hii, maoni yetu ni kwamba regula nzuri ukiwa umefika mapema inaishinda VIP ya viti vya plastiki, labda uwe na sababu nyingine ya kutaka kukaa.

Piga hesabu ya usiku mzima

Tuchukue mfano. Tuseme regula ni shilingi 2,500 na VIP yenye kiti ni 7,000. Tofauti ni 4,500. Unafika saa mbili usiku na unaondoka saa nane usiku, yaani saa sita. Ukikaa saa zote sita, kiti chako kimekugharimu shilingi 750 kwa saa. Ukikaa saa mbili tu kwa sababu saa nne zilizobaki unacheza, kimekugharimu 2,250 kwa saa. Ni wewe unajua kama miguu yako ina thamani hiyo. Kwa wengine ina thamani hiyo kabisa, na hatuna neno. Kwa wengine, pesa hiyo ina kazi nyingine.

Ukiwa na mbogi ya watu wanne, tofauti hiyo ni 18,000. Hiyo ni teksi ya kurudi nyumbani salama, chakula, na bado mwezi haujaharibika. Tunaitaja teksi kwa makusudi. Watu wengi hulipia VIP halafu hukosa nauli ya saa nane usiku, wakati matatu ni chache na bei ya teksi imepanda kwa sababu kila mtu anaitafuta kwa pamoja. Nauli ya kurudi ni sehemu ya tiketi. Itenge kabla hujachagua daraja.

Na hili tuliseme wazi, ingawa sisi ni kampuni ya malipo: usikope kwa simu ili upande kutoka regula hadi VIP. Shoo inaisha usiku ule ule, lakini deni litakuamsha Jumatatu. Kama pesa iliyopo inatosha regula, nenda regula ujibambe. Msanii atakuwa yule yule.

Jambo lingine kwenye hesabu ni muda. Geti huweza kufunguliwa saa nane mchana na msanii mkuu akapanda jukwaani baada ya saa sita usiku. Anayetaka nafasi nzuri ya kusimama atalipa kwa saa za kusubiri, na pengine kwa jua la mchana na baridi ya usiku. Nairobi ya Julai usiku si mchezo. Mwenye kiti chenye nambari anaweza kufika saa nne akakikuta kinamsubiri. Ukiangalia vizuri, kiti chenye nambari kinakuuzia muda wako. Kisicho na nambari hakikuuzii hata hilo, kwa sababu bado itabidi uwahi.

Kiti kisicho na nambari ni mbio

Hapa tunatoka kwenye raha tunaingia kwenye usalama. Wengi wanaamini kwamba kusimama ni hatari na kukaa ni salama. Historia inaonyesha kwamba hatari kubwa iko kwenye kugombania nafasi.

Tarehe 3 Desemba 1979, mjini Cincinnati nchini Marekani, watu 11 walikufa kwenye msongamano nje ya ukumbi kabla ya shoo ya bendi ya The Who. Tiketi nyingi za siku hiyo hazikuwa na nambari za viti. Anayetangulia ndiye angepata mbele. Watu walikusanyika kwa saa nyingi, milango iliyofunguliwa ilikuwa michache, na walio nyuma walisukuma bila kujua kwamba walio mbele hawana pa kwenda. Mji ule ulipiga marufuku tiketi za namna hiyo, na marufuku ilidumu hadi 2004.

Miaka mingi baadaye, Novemba 2021, watu 10 walipoteza maisha baada ya msongamano kwenye tamasha la Astroworld huko Houston, kwenye uwanja wa wazi ambako watu walikuwa wamesimama. Kwa hivyo regula si kitu cha kuchukulia kimchezo. Lakini hata ile VIP yenye viti mia za kugombania inaanzisha mbio zile zile getini.

Ukichagua kusimama, simama kwa akili. Kaa pembeni ama nyuma kidogo, si katikati mbele ya jukwaa. Jua milango ya kutokea ikoje kabla giza halijaingia. Ukianza kuhisi kwamba unasukumwa na mwili wako unakwenda bila wewe kutaka, hiyo ndiyo dalili: toka mapema. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili upate nafasi ya kupumua, na usogee kwa mshazari kuelekea pembeni, usipambane na umati uso kwa uso. Simu ikianguka kwenye msongamano, iache. Pesa zako tunaweza kukusaidia kuzilinda ukitupigia simu kwa laini nyingine tufunge akaunti.

Kwa wengine kiti si anasa

Mama mjamzito, mzee wa miaka sabini anayempenda mwimbaji wa ujana wake, mtu mwenye maumivu ya mgongo, anayetumia kiti cha magurudumu: hawa hawachagui kati ya raha mbili. Bila mahali pa kukaa, hawaendi. Kuwauzia kiti kwa bei ya VIP ni kama kuwatoza faini kwa hali ya miili yao.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote kwa njia inayofaa. Tunaona ni sawa kabisa mwandaaji atenge sehemu ya kukaa kwa bei ya regula kwa watu hawa, yenye njia isiyo na ngazi na inayoona jukwaa. Ikiwa unampeleka mzazi wako shoo, piga simu kwa mwandaaji uulize kama sehemu hiyo ipo kabla hujalipa. Wakiuliza watu wa kutosha, itakuwepo.

Kabla ya kuweka PIN

Sasa tufike kwenye kazi yetu. Umeshachagua. Fanya haya:

1. Pata jibu kwa maandishi. Uliza mwandaaji kupitia ujumbe: tiketi hii ni ya kukaa ama kusimama, kiti kina nambari, na nikitoka nje naweza kurudi? Piga picha ya skrini ya jibu na ya bango la shoo. Ukiwa na malalamiko baadaye, huo ndio ushahidi wako.

2. Lipa kwa nambari iliyotangazwa na mwandaaji mwenyewe. Paybill ama Till yenye jina la biashara ni afadhali kuliko nambari ya mtu binafsi uliyoipata kwenye maoni ya mitandao ya kijamii. Jina likitokea kwenye skrini, lisome. Kama silo, katisha.

3. Kila mtu alipe yake akiweza. Kutumiana pesa kisha mmoja alipe kunaweza kuongeza ada, na tiketi zote zinabaki kwenye simu moja. Simu hiyo ikizimika getini, mbogi nzima iko nje.

4. Jihadhari na "nakuuzia VIP yangu kwa bei ya regula." Msimbo mmoja unaweza kutumwa kwa watu kumi, lakini utafungua geti mara moja tu. Wa kwanza kufika ndiye anaingia, wengine tisa wanarudi nyumbani.

5. Hifadhi tiketi kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani. Maelfu ya simu zikikusanyika mahali pamoja, mtandao hulemewa. Usitegemee kufungua barua pepe getini.

6. Malipo yakikawia ndani ya uwanja, usilipe mara ya pili haraka. Angalia salio ama orodha ya miamala kwanza. Ujumbe unaweza kuchelewa wakati pesa zimeshatoka.

7. Ukienda kusimama, simu iwe na ulinzi. Weka PIN ya laini, funga skrini, ibebe mfuko wa mbele wenye zipu, na uwe na salio la usiku huo tu. Nyingine iache kwenye akiba.

Neno kwa waandaaji

Wengi wenu mnapokea malipo kupitia kwetu, na tunajua gharama za kuandaa shoo si ndogo. Ombi letu ni la mstari mmoja kwenye bango, chini ya kila bei: kukaa kwenye nambari, kukaa bila nambari, ama kusimama. Na msiuze tiketi za viti kuliko viti mlivyokodi. Hiyo haiwagharimu chochote kikubwa, na itawapunguzia kelele getini na lawama kesho yake.

Na wewe msomaji, mpaka mstari huo utokee, uliza. Ukijibiwa "VIP ni VIP, utaipenda," hujajibiwa bado. Uliza tena, na usiweke PIN mpaka ujue kama usiku huo utabebwa na kiti ama na miguu yako.